Mitungi Miwili ya Shamsiya

Wapokezi wa habari za kale wamepokea, na kama humu mna uwongo basi ni wao na Mola wao, maana mimi sikuwapo, kwamba palikuwa na sultani katika mji wa Shamsiya, jina lake Sultani Mutiu bin Ghanimu, na mji huo ulikuwa juu ya uwanda wa milima ya shaba, nao ulikuwa na mitaa kumi na miwili na soko moja na ngome moja, na watu wake walikuwa mafundi hodari na wakarimu kwa wageni, lakini walikuwa na aibu moja kubwa: hawakuaminiana. Mtu akimkuta jirani yake kizingitini humpa salamu ndefu, amwulize hali yake na ya wazee wake na ya mbuzi wake, na huku macho yako mikononi mwa jirani, anatazama ameficha nini.

Sultani Mutiu hakujaaliwa mtoto. Alipoona mauti yanamkaribia aliwakusanya raia wake uwanjani, akawaambia, "Enyi watu wa Shamsiya, sina mwana wa kumwachia kiti, wala sitaki kuwaachia vita. Mtawala wenu mtamchagua wenyewe, naye atatawala miaka mitano, na ikiisha atasimama tena mbele yenu kama mtu aliyekuja kuposa: mkimtaka mumkubali, msipomtaka arudi kwake akalime." Na akaamuru maneno ya ahadi yachongwe katika jiwe la mlango wa ngome, kwamba mtawala asitoe amri nzito bila shauri la wazee wa mitaa kumi na miwili, na kadhi ahukumu kwa kitabu chake bila kumhofu mtawala, na asifungwe mtu zaidi ya siku saba pasipo kuambiwa kosa lake. Na la mwisho, ambalo watu walilicheka siku ile, ni kwamba siku ya uchaguzi kila raia, mwanamume na mwanamke, ana swali moja, moja tu, la kumwuliza mtawala au mtumishi wake yeyote, na lazima lijibiwe kabla jua halijatua, na mwenye kuuliza asiguswe.

Likabaki suala la nani atahesabu. Wakabishana siku tatu, maana mtaa wa Wafua Shaba hawakutaka kuhesabiwa na mtaa wa Wasusi, na Wasusi walisema heri wahesabiwe na nyani kuliko na Wafua Shaba. Hata Sultani akachoka, akatoa pete ya akiki, akaisugua, na moshi ukatoka na katika moshi akatoka jini mrefu kupita mnara, aitwaye Kashfaruni. Sultani akasema, "Huyu hawezi kusema uwongo akiulizwa na raia, na hana ndugu wala shemeji mjini. Yeye atahesabu." Watu wakafurahi mno, na katika furaha yao wakapitisha wenyewe sheria kwamba jicho la binadamu lisichungulie ndani ya mitungi abadani. Na pete ikavaliwa na mtawala, kwa kuwa hakuna aliyefikiri ivaliwe na nani mwingine. Haya, hilo ndilo kosa, na ni kosa ambalo wangelifanya watu wa Shamsiya peke yao, kumwamini jini kwa sababu wanamshuku jirani.

Na uchaguzi wao ulikuwa hivi. Kila raia hupewa komwe moja, zile zile za kuchezea bao, na uwanjani husimamishwa mitungi miwili ya shaba yenye shingo nyembamba, mmoja wa huyu na mmoja wa yule. Mtu hukunja ngumi, akaingiza mkono katika mtungi wa kwanza, akautoa ngumi imekunjwa, akauingiza katika wa pili, na asijue mtu komwe yake ameiacha wapi.

Baada ya Sultani kufa alichaguliwa waziri wake, Sinani bin Daghari, na alichaguliwa kwa haki, maana alikuwa amechimba visima. Miaka mitano ikapita, jini akamtangaza Sinani. Ikapita mingine, jini akamtangaza Sinani. Kadhi wa zamani akaambiwa amezeeka, akawekwa mpya, na jini hana shemeji lakini kadhi mpya alikuwa naye, naye ni Sinani. Wazee wa mitaa wakaitwa kwenye shauri mara moja kwa mwaka, wakanywa kahawa, wakarudi.

Sasa katika mtaa wa Wasusi alikaa mwanamke aitwaye Nunu binti Kheri, na kazi yake ilikuwa mpimaji wa nafaka sokoni. Wachuuzi walimwogopa, kwa kuwa hakuna gunia alilolinunua kwa macho: mkono wake ulikwenda mpaka chini, huko wanakoweka mchele wenye mawe. Mumewe aliitwa Mbaruku bin Sururu, mjenzi wa kuta, mtu wa mzaha. Siku moja, akinyolewa kwa Mzee Badi kinyozi, Mbaruku alisema kwamba katika umri wake wote hajakutana na mtu aliyemwachia Sinani komwe, labda watu hao hutembea wakati yeye amelala. Watu wakacheka. Jioni yake askari wakamchukua.

Akakaa ngomeni siku saba, kisha mwezi, kisha miezi minne, na kosa lake hakuambiwa mtu. Kila alasiri Nunu alipeleka kikapu cha chakula mlangoni, na kila alasiri kikapu kilirudi kitupu, naye akawashuku askari kwamba wanakula wao, mpaka alipoona kitambaa cha kikapu kimefungwa fundo la wajenzi, ambalo askari hawalijui. Tangu hapo alilitazama fundo hilo kabla ya kutazama kitu kingine chochote duniani.

Na nani aliyepeleka maneno? Nunu alimshuku kinyozi. Akamshuku aliyekuwa akingoja zamu. Lakini zaidi alimshuku jirani yake wa mbele, Bi Mize, muuza vitumbua, mjane mwenye mpwa askari na dirisha lisilofungwa. Bi Mize naye, nasikia, alimshuku Nunu, kwa kuwa mwanamke anayekwenda ngomeni kila siku na kurudi mzima lazima ana lake. Wakawa wanasalimiana kwa adabu kubwa kabisa.

Hata ikabaki siku moja kabla ya uchaguzi, askari mmoja akamwambia Nunu kwa sauti ya chini kwamba bwana akishatangazwa, wafungwa wa ulimi wote wataondoka alfajiri kwenda machimbo ya Jabali Jeusi. Nunu hakuuliza ni mahali gani, kila mtu alijua. Punda waliokwenda Jabali Jeusi walirudi. Watu hawakurudi.

Basi akaazimu moyoni. Alikuwa na swali lake moja, ambalo mjini hakuna aliyethubutu kulitumia kwa miaka kumi, si kwa sababu sheria imefutwa, jiwe lilikuwa pale pale, ila kila mtu alihofu kwamba aliyesimama ubavuni mwake ndiye mpelelezi. Yeye atalitumia. Atauliza mbele ya watu wote, mume wangu ana kosa gani. Akalala nalo, akaamka nalo.

Siku ya uchaguzi mitungi ikasimamishwa, wa Sinani kulia na kushoto wa mpinzani wake, Mwalimu Idarusi wa chuo cha mtaa wa Wafua Shaba, mtu mpole aliyekuwa na kikohozi. Watu wakapanga mstari tangu asubuhi. Nunu alifika alasiri, baada ya kupeleka kikapu, akakunja ngumi juu ya komwe yake, akaingiza mkono katika mtungi wa Mwalimu, na hata kiwiko hakijafika shingoni vidole vikagota kwenye komwe. Akaiacha yake. Akatoa ngumi, akaingiza mkono katika mtungi wa Sinani, na kwa mazoea ya kazi akauzamisha mpaka bega likagusa shaba. Vidole havikufika chini wala havikukuta kitu. Mlikuwa na hewa tu.

Akautoa mkono, akaurudisha ndani ya buibui, akaenda kusimama na wenzake. Alifurahi, kisha shaka ikamshika, maana alitazama nyuso za wote waliokuja alasiri ile na hakuona uso uliosema neno. Nao walikuwa wamegusa hewa, kila mmoja kwa mkono wake, na kila mmoja akaufunika mkono wake akidhani ni yeye peke yake.

Ndipo Sinani bin Daghari akatoka, amevaa joho la zari, akakaa, akasugua pete. Kashfaruni akatokea, kivuli chake kikafunika nusu ya uwanja. Sinani akamwambia, "Nenda ukahesabu." Jini akainama juu ya mitungi mara moja, kisha akaruka juu ya mapaa ya nyumba akielekea vilimani, na milango ya mji ikatetemeka, na kabla mtu hajamaliza finjani ya kahawa alikuwa amerudi. Akasema, "Aliyepata wengi ni Sinani bin Daghari."

Hakuna aliyepiga kelele wala vigelegele. Nunu alikuwa akitazama miguu ya jini. Uwanja wa Shamsiya umesakafiwa kwa mawe, hauna vumbi, na miguu ya Kashfaruni ilikuwa na udongo mwekundu mpaka vifundoni. Komwe ziko mitungini hapa, akajisemea, huyu alikwenda kuchimba nini huko?

Sinani akasimama, akatoa hotuba. "Enyi watu wangu, mmeninyanyua kwa mara ya nne, nami nimenyenyekea mbele ya mapenzi yenu. Kama yuko mwenye swali, na aulize, sheria ya marehemu Sultani ingali hai." Akatabasamu, kwa kuwa alijua hakuna atakayethubutu.

Nunu akasogea mbele, na hapo akafikwa na jambo ambalo hakulitarajia. Swali la mumewe lilikuwa ulimini. Lakini akiliuliza, Sinani atasema fitina, na kadhi shemeji atatikisa kichwa, na swali litakuwa limejibiwa, na alfajiri msafara utaondoka. Na akiuliza lile jingine, lile la udongo na hewa, basi la Mbaruku limepotea, hana jingine. Machozi yakamtoka, wala hakuyafuta. Akasema:

"Mimi ni Nunu binti Kheri, mpimaji wa sokoni. Ewe Kashfaruni, uliowahesabia kwa Bwana Sinani ni wangapi?"

Sinani akasema kwamba hesabu ni ya jini, si ya mambo ya soko, lakini jini alikuwa amekwisha kufungua kinywa. "Elfu arobaini na moja, mia tatu na sitini."

Kicheko kikaanzia kwa wauza nafaka. Wao walijua, na Nunu alijua kabla yao, kwamba mtungi ule tumbo lake ni pishi kumi na nane, na pishi moja ya komwe ni mia nne na ushei, na hata ukiujaza pomoni na kuutikisa hauingii komwe elfu nane. Na mji mzima, watu wazima wote, hawakuzidi elfu nane. Kicheko kikafika katikati ya uwanja, kikafa.

"Umejibiwa," akasema Sinani. "Una swali jingine? Huna. Sheria ni sheria."

Watu wakatazamana, na kila mmoja akamngoja mwenziwe, na kimya kile kilimwuma Nunu kuliko hotuba. Akawachukia wote kwa wakati mmoja, wale wanaume wa mabega mapana wanaotazama viatu vyao.

Kisha mkono ukainuka, unatetemeka, na mwenyewe alikuwa Mzee Badi kinyozi. Mtu mmoja nyuma akasema kwa mkono huo asimnyoe mtu leo. Mzee Badi akasema, "Nami nina langu. Hao elfu arobaini, ewe jini, uliwakuta wapi?"

Kashfaruni akajibu, "Mwenye pete aliniamuru miaka kumi iliyopita, akasema kimya ni ridhaa, kila aliyenyamaza nimhesabie yeye. Basi huwa natoka kuwatafuta walionyamaza. Wachache niliwakuta majumbani wamefunga milango. Wengi niliwakuta makaburini, tangu waliouanzisha mji huu. Hao hawajapata kumpinga mtawala yeyote."

Bibi mmoja akasema, kwa sauti ya kawaida tu, kwamba mumewe alikufa akimlaani Sinani, na leo anaambiwa amempigia kura. Ndipo uwanja ukachemka. Msusi mmoja akauliza komwe zilizomo mitungini ni ngapi, zenyewe tu, bila marehemu, na jini akajibu kwamba za Mwalimu Idarusi ni elfu sita mia mbili na kumi, na za Sinani ni elfu moja na arobaini. Sinani akapiga kelele askari wamshike msusi, na jemadari wa askari akatazama jiwe la mlango, na hakujua kusoma, lakini mstari ule wa mwenye kuuliza asiguswe alisomewa siku ya kiapo chake. Akashusha mkuki. Sinani akaisugua pete akasema, "Kashfaruni, wanyamazishe."

"Naweza, bwana wangu," akasema jini. "Lakini kabla sijafanya hivyo lazima nimjibu kila atakayeniuliza uliniamuru nini, na maswali uwanjani yamebaki maelfu."

Sinani akaketi. Watu wakambeba Mwalimu Idarusi juu juu huku anakohoa, na furaha ikawapanda vichwani, na ndimi zilizofungwa miaka kumi zikafunguka kwa pamoja. Huyu akauliza nani alisogeza mpaka wa shamba lake. Yule akauliza kwa nini kisima cha mtaa wao kilitiwa kufuli. Mwingine akauliza nani alimla ng'ombe wake mwaka ule wa ukame, na jini akamjibu, na ugomvi ukazuka hapo hapo.

Nunu peke yake alitazama jua. Kwa sheria, mtawala aliyeshindwa hukaa na funguo za ngome siku saba kabla ya kuzikabidhi, na siku saba zina alfajiri saba, na msafara ulihitaji moja. Akamshika mkono mtu wa kwanza, akamwambia niulizie mume wangu. Ameshauliza. Akamshika wa pili. Ameshauliza, kuhusu ukuta. Wa tatu, wa nne, wa kumi, wote wamekwisha kutumia maswali yao, na wengine walimwambia kwa aibu. Jua likawa limegusa paa la ngome.

Pembeni mwa uwanja, kwenye kigoda chake, karibu na jiko la mkaa, alikaa Bi Mize, hajafungua kinywa tangu asubuhi. Nunu alimwona. Alikuwa tayari kumpigia magoti mtu yeyote mjini isipokuwa huyo. Akageuza uso.

Bi Mize akainuka, akajipangusa unga, akapita katikati ya watu mpaka mbele ya kadhi. "Mimi ni Mize binti Vuai," akasema, "na swali langu ni kwako, Sheikh. Mbaruku bin Sururu, mume wa huyu, yumo ngomeni mwezi wa nne. Kosa lake liko wapi katika kitabu chako?"

Kadhi akafungua kitabu. Akamtazama shemeji yake, na shemeji yake alikuwa akitazama chini. Akageuza ukurasa mmoja, na mwingine, na watu wakanyamaza ili wasikie makaratasi. Jua lilikuwa limebaki ukingo tu aliposema, "Halimo." Kisha akaongeza kwa sauti ndogo, "Afunguliwe."

Nunu akaanguka kwenye mawe kwa kulia. Alipoinuka Bi Mize alikuwa bado amesimama.

"Usinishukuru, mwenzangu," akasema. "Maneno ya Mbaruku nilimpelekea mpwa wangu mimi. Nilikuwa nakaanga, nikayasema kwa kuchekesha tu, sikujua yatafika wapi. Miezi minne nakutazama dirishani sijui nianzie wapi."

Kwa hiyo Nunu alikuwa amepatia, na kupatia kwake hakukumfurahisha hata kidogo. Hakumsamehe siku ile, wala mwezi ule. Lakini alikaa naye kwenye kigoda kimoja, hawasemi, mpaka Mbaruku alipotoka ngomeni amekonda, na yule mtu wa mzaha akawa kwanza anatazama kulia na kushoto ndipo anaita jina la mkewe kwa kunong'ona. Nunu akamwambia ataje kwa sauti. Akamwambia hivyo siku nyingi, na ilichukua siku nyingi.

Mnaongoja harusi, harusi haikuwako, hawa walikuwa wameoana zamani. Watu walitaka kumvisha Mwalimu Idarusi ile pete, na Nunu akasema iyeyushwe, wakabishana siku tatu kama desturi yao, ikayeyushwa, na Kashfaruni akaenda zake. Tangu hapo komwe zilimwagwa juu ya mikeka, mchana, mbele ya watu wote, zikahesabiwa na watu kumi na wawili, mmoja wa kila mtaa, kila mmoja akitazama vidole vya mwenziwe kwa dhana mbaya kabisa, na hesabu ikatoka safi. Huko kutoaminiana kwao, kulikokuwa ugonjwa, kukapata kazi ya kufanya. Nunu akafanywa mpimaji mkuu wa mitungi, akapewa nyumba yenye ua na kisima, na Mbaruku akaijengea ukuta.

Mwalimu Idarusi, wanasema, alitawala vizuri. Hivyo ndivyo wanavyosema. Miaka mitano ilipotimia akasimama uwanjani, ndevu zimekuwa nyeupe, akauliza nani ana swali, na wa kwanza kusogea mbele alikuwa Nunu binti Kheri, aliyemchagua, naye akauliza ni kwa shauri la nani chuo cha mtaa wake Mwalimu kilipata paa jipya kabla ya vyuo vya mitaa mingine kumi na mmoja.

Mwalimu akainamisha kichwa. "Bi Nunu," akasema, "hata mimi huniamini?"

"Nakuamini, Mwalimu," akasema Nunu. "Ningekuwa sikuamini, ningenyamaza."

Naye akajibu, na jibu lake halikuwapendeza wote, na likaandikwa.